Fahali Aliyesinzia

Mashine iliyozusha mjadala huu ni HP EliteBook 840 G3, mtumba wa aina ambayo wauzaji wa Nakuru huiita ex-UK. Ilitumika miaka kadhaa kwenye ofisi za watu ughaibuni, ikastaafishwa, ikavuka bahari, ikapanguswa na kuuzwa upya. Kibodi yake haina neno, skrini haina doa. Ila kichakataji chake ni Intel cha kizazi cha sita, na shida imeanzia hapo. Windows 10 iliyomo ilifika mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo hukagua umri mlangoni: Intel iliyo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache mno, haipokewi rasmi. Mashine ni nzima, karatasi zake ndizo zimekwisha.

Wenyewe ni wawili. Siku za wiki ni ya Shangazi, anayeandika hesabu za maduka ya pembejeo ya Njoro na Molo: mbegu za viazi, dawa za kunyunyizia, chumvi ya ng'ombe. Ijumaa jioni mpwa wake, mwanafunzi wa kompyuta, hushuka kutoka Njoro, na mashine inakuwa yake hadi Jumapili. Mpwa anataka Ubuntu, mfumo endeshi wa ukoo wa Linux. Shangazi hataki kuachana na Windows. Wakaipeleka kwa fundi wa ghorofani, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue, jioni ya mvua, wakimtaka aweke mifumo yote miwili kwenye diski moja. Mwalimu mstaafu aliyekuwa ameingia kujikinga mvua akajitwika uenyekiti ambao hakuna aliyempa. Nimewapanga hapa jinsi walivyosikika masikioni mwangu, na pale nilipoona wanapotea nimeingilia.

MWALIMU: Mafahali wawili hawakai zizi moja. Hoja imekwisha, leteni chai.

FUNDI: Methali hiyo, Mwalimu, ni ya mafahali walio macho. Hawa hawaamki pamoja. Ukiwasha mashine unachagua: leo nani? Ukimwita Ubuntu, Windows inabaki mzigo tu kwenye diski, haili chaji wala kumbukumbu. Ukiita Windows, Ubuntu inalala. Zizi moja, zamu mbili.

SHANGAZI: Na hesabu za watu zilizomo? Nani ananihakikishia Jumatatu nitazikuta?

MPWA: Ubuntu haigusi upande wako, Shangazi.

MWALIMU: Haigusi! Sikiliza, kijana wangu. Mwaka wa 2006 niliagiza CD ya Ubuntu. Enzi hizo kampuni ya Canonical ilikuwa inawatumia watu CD kwa posta, dunia nzima, bila senti. Ikafika kwenye sanduku la posta, nikaizungusha chumba cha walimu kila mtu aione. Kisha nikaitia kwenye tarakilishi ya shule.

MPWA: Kompyuta, Mwalimu.

MWALIMU: Tarakilishi. Ikaniuliza swali refu kuhusu diski. Sikulisoma hadi mwisho, nikabonyeza ndiyo. Diski nzima ikafutika. Alama za mtihani wa majaribio wa kidato cha nne zilikuwa humo, madarasa matatu. Likizo ile sikuiona. Nilikuwa nasahihisha upya karatasi nilizokwisha kusahihisha.

Hakuna aliyecheka, na ilikuwa haki. Kisakinishi cha Ubuntu bado huuliza swali lile lile: nikae kando ya mfumo uliopo, au nifute diski yote? Majibu hayo mawili yanakaa jirani kwenye skrini, na kidole kimoja kinatosha kuyachanganya. Ndiyo maana fundi huyu hagusi mashine ya mtu kabla hajaona nakala ya pili ya faili zake kwenye diski ya nje, si kwenye flashi iliyopinda ya mnyororo wa funguo. Shangazi alikuwa nayo. Mpwa hakuwa nayo.

FUNDI: Mimi sianzi na Ubuntu. Naanza na shamba. Diski hii imeandikwa gigabaiti 256, Windows inaisoma 238. Msiniangalie hivyo, sijaiba. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Shamba lote ni la Windows sasa. Ili Ubuntu ipate mahali, lazima tukate. Na anayekata ni Windows yenyewe, kwa kifaa chake cha kusimamia diski, maana mwenye shamba ndiye anayejua alikozika watu wake.

SHANGAZI: Alikozika watu?

FUNDI: Tazama. Nafasi iliyo wazi ni gigabaiti 140. Nimeiomba initolee kipande, inasema itanipa 48 tu. Kwa nini? Kuna faili ambazo Windows haikubali zihamishwe ikiwa inatembea: faili ya kusaidia kumbukumbu, faili ya kulalia, vituo vya kurejesha mfumo. Moja ikiwa imekaa katikati ya diski, mpaka hauwezi kuvuka hapo. Ni kama kaburi la babu katikati ya ekari mbili. Mnunuzi anapimiwa kipande cha pembeni.

Katika maeneo haya mfano huo hauhitaji ufafanuzi. Aliyewahi kusimama Bahati au Njoro akimtazama sarveya akivuta kamba, huku ndugu wanne wanakodolea bikoni macho, anaelewa ukataji wa diski kuliko mwandishi wa mwongozo wowote. Kuna jedwali dogo mwanzoni mwa diski linaloeleza kila sehemu inaanzia wapi na kuishia wapi. Hiyo ndiyo hati. Ikiharibika, mazao bado yako shambani ila hakuna ajuaye ni ya nani. Fundi alieleza jinsi ya kuyahamisha makaburi: kuzima uwezo wa kulala, kuondoa kwa muda faili ya kusaidia kumbukumbu, kuwasha upya na kuomba tena. Alieleza pia mgao ambao angeufanya: 110 za Windows, 60 za Ubuntu, zinazobaki ziwe uwanja wa pamoja ambao wote wawili wanaweza kuusoma. Hakubonyeza chochote. Wakati huo nilidhani anasubiri chai.

MPWA: Kwa hiyo inawezekana. Tuendelee.

FUNDI: Bado kuna jambo. Shangazi, wewe jioni unaizima vipi?

SHANGAZI: Ninaizima. Nabonyeza kuzima, inazima.

FUNDI: Unadhani inazima. Windows ina kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza kuzima, inafunga programu zako, lakini kiini chake kinaandika kwenye diski kila kilichokuwa kichwani mwake ili kesho kiamke upesi. Haijalala. Imesinzia. Sasa Ijumaa anakuja huyu kijana na Ubuntu yake, anafungua upande wa Windows, anabadilisha faili mbili. Jumatatu Windows inafumbua macho ikikumbuka diski ya Ijumaa. Inaendelea kuandika juu ya kumbukumbu za zamani.

MWALIMU: Haya! Methali yangu imefufuka.

FUNDI: Imefufuka, lakini ina dawa. Kwanza, Ubuntu yenyewe ina adabu: ikiona alama ya usingizi wa mang'amung'amu, inaufungua upande ule kwa kusoma tu, haiandiki. Wanafunzi wanakuja hapa wakilalamika kwamba Ubuntu imekataa kuhifadhi faili zao. Ninawaambia imekuokoa. Pili, Fast Startup inazimwa, kitufe kimoja, na fahali analala kweli.

Nitasema nilichokiona hapo, kwa sababu wao walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu mfumo upi ni bora, na huo si mjadala. Mifumo hii miwili haigombani kwa tabia zake. Inagombania vile vitu vichache ambavyo haina budi kuvishiriki: mpaka, geti na saa. Mtu anayetaka kujua kama mashine yake itabeba mifumo miwili aulize nani anashika vitu hivyo vitatu. Mpaka tumekwisha kuuona. Geti lina kisa kirefu zaidi.

MPWA: Mimi nataka uhuru. Ubuntu ni neno la Kiafrika, ubuntu, utu wenyewe huo. Aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Hakuna leseni ya kununua. Na Shangazi, usiniambie Linux ni kitu kigeni. Simu yako ni Android, kiini cha Android ni Linux. Miaka yote hii unatuma M-Pesa ukiwa juu ya Linux.

SHANGAZI: Simu yangu haijawahi kuniomba nikate shamba.

MWALIMU: Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu: siku hizi mtaona neno faili na neno hariri kwenye kioo. Kijana ana hoja kuhusu uhuru.

Ana hoja, ila uhuru huo una mlinzi getini. Kabla Windows au Ubuntu haijaamka, programu ndogo iliyokaa kwenye ubao wa mashine, UEFI, ndiyo inayoamua nani aingie. Kama ulinzi wa Secure Boot umewashwa, mlinzi anadai sahihi anayoitambua, na kwenye mashine nyingi za kawaida sahihi anazozitambua ni za Microsoft. Ubuntu hupitaje? Hupita kwa programu ndogo iitwayo shim, ambayo imetiwa sahihi na Microsoft. Mfumo wenye jina la Kinguni unaingia nyumbani kwa barua ya jirani anayeshindana naye. Sisemi ni hila. Barua hiyo imewasaidia watu wengi wasilazimike kuzima ulinzi. Nasema ijulikane kalamu iko mkononi mwa nani.

Na kalamu hiyo imewahi kuteleza. Tarehe 13 Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho lililozuia matoleo ya zamani ya shim yenye kasoro. Ilikuwa imesema mashine zenye mifumo miwili hazitaguswa. Ziliguswa. Watu waliowasha Linux asubuhi iliyofuata walikuta ujumbe wa kukataliwa na mashine ikajizima. Vyeti vya 2011 vinavyobeba sahihi hizo navyo vina ukomo unaoanza Juni 2026. Mashine iliyokwisha kusakinishwa haitagoma siku hiyo kwa sababu hiyo tu, lakini vyeti vipya lazima viingizwe, na mtumba uliosahauliwa na mtengenezaji wake ndio utakaochelewa kuvipata.

FUNDI: Ongeza BitLocker, kufuli ya diski ya Windows. Mashine nyingi za ofisi huja diski zimefungwa. Ukibadilisha mipangilio ya geti bila kujiandaa, Windows inaona kama mwizi amevunja mlango. Inadai ufunguo wa tarakimu 48. Kama hukuuandika mahali, hesabu zako ziko pale pale na hutazisoma tena.

SHANGAZI: Sasa nisikilizeni mimi. Mmeongea uhuru, mmeongea mageti. Tarehe 30 Juni mnaijua? Nyinyi mnaijua kama mwisho wa mwezi. Mimi naijua kama usiku ambao KRA, mamlaka ya mapato, inafunga marejesho ya kodi. Fomu ninazojaza ni za Excel, ndani yake kuna makro. Nikimaliza nabonyeza kitufe, inakagua mistari yote, inanitolea faili iliyofungwa, hiyo ndiyo ninayoipandisha kwenye tovuti yao ya iTax. Programu nyingine inaweza kufungua rangi na visanduku vizuri kabisa, lakini makro iliyoandikiwa Excel si lazima itembee humo. Na wateja wangu wawili wanatumia QuickBooks ya kusakinishwa, ambayo ni ya Windows. Sina ugomvi na Linux. Nina watu ambao nikikosea tarakimu moja wanalipa faini. Mniambie, kwa nini nisiiache Windows 10 ilivyo?

MPWA: Kwa sababu haipati kinga tena.

SHANGAZI: Nimesikia kuna nyongeza.

FUNDI: Ipo, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Lazima ujiandikishe. Baada ya hapo, kama uko intaneti, uko mvuani bila mwavuli.

Hapa niliwapa rai yangu, nikaiona inavunjika mbele yangu. Nikasema: igawieni mifumo kazi kulingana na afya zake. Ubuntu, inayopata masasisho, ndiyo iende intaneti. Windows ibaki ndani ya nyumba na mtandao wake uzimwe. Shangazi apakue fomu ndani ya Ubuntu, aiweke uwanja wa pamoja, awashe upya, aijaze ndani ya Windows, awashe upya tena, aipandishe kwa Ubuntu. Usalama umepatikana, Excel imebaki.

SHANGAZI: Mara ngapi?

MIMI: Mara mbili za kuwasha kwa kila fomu. Diski ni ya kasi, haifiki dakika.

SHANGAZI: Mwezi wa sita nina fomu zaidi ya thelathini. Siku ya kwanza nitafanya hivyo. Siku ya pili nitawasha mtandao wa Windows, na wewe utakuwa umeshaenda nyumbani.

Hakuna jibu la hilo. Mpango unaomtaka mtu awe mtakatifu saa nne za usiku tarehe 30 Juni si mpango. Mpwa akajaribu mashine pepe, yaani Ubuntu iendeshwe kama programu ndani ya Windows bila kukata chochote. Ni njia nzuri, na kwa anayetaka kuonja tu ningemwambia aanze nayo. Lakini kumbukumbu ya mashine ni gigabaiti 8, na mpwa anasoma somo la mifumo endeshi: anahitaji kuugusa ubao wenyewe, avunje, arekebishe. Windows ya chini yake ingebaki ile ile isiyo na kinga. Mwalimu akapendekeza wauze mashine wanunue mpya. Shangazi akamtazama kwa heshima anayostahili mtu wa umri wake, asiseme kitu.

Fundi wakati huo alikuwa ameigeuza mashine kifudifudi. Akafungua skrubu, akainua bamba la chini.

FUNDI: Diski yenu imekaa hapa, kwenye nafasi ya inchi mbili na nusu. Mnaona hapa kando? Hii ni nafasi ya M.2. Iko tupu. Mashine hii inabeba diski mbili.

MPWA: Mbili? Mbona hukusema tangu mwanzo?

FUNDI: Hamkuuliza. Mlipoingia mlisema mnataka kugawa.

Sijui kama kuna sentensi iliyonigusa zaidi jioni ile. Tulikuwa tumetumia saa nzima juu ya makaburi, bikoni na kamba, na kando ya shamba palikuwa na ploti isiyo na mtu. Si kila mashine ina bahati hiyo. Nyingi nyembamba zina nafasi moja tu, na kwa hizo ukataji unabaki kuwa ndiyo njia, pamoja na nakala ya akiba na ufunguo wa tarakimu 48 ulioandikwa daftarini. Lakini skrubu zifunguliwe kwanza, mjadala ufuate.

Droo ya fundi ilikuwa na diski ya M.2 ya gigabaiti 128, iliyochomolewa kwenye mashine iliyovunjika skrini. Bei walibishana hadi mvua ikapungua. Kabla ya kusakinisha, fundi akachomoa diski ya Windows kabisa, akaiweka mezani mbele ya Shangazi.

FUNDI: Ishike mwenyewe. Kisakinishi cha Ubuntu kimewahi kuwa na mazoea ya kuweka kiwashio chake kwenye diski ya kwanza kinayoikuta, hata ukikielekeza kwingine. Kisipoiona, hakiwezi kuigusa.

Shangazi akaishika mkononi muda wote, karibu nusu saa, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake hospitalini. Ubuntu ikaingia kutoka flashi, ikajiunganisha na intaneti ya simu ya mpwa, ikapendeza. Diski ya Windows ikarudishwa mahali pake, ikawashwa. Ndipo kitu cha tatu cha kugombaniwa kikajitokeza, maana hata ukitenganisha diski, ubao ni mmoja na saa yake ni moja.

SHANGAZI: Mbona inasema saa kumi na moja na nusu jioni? Nje ni giza.

Ilikuwa saa mbili na nusu za usiku. Ubuntu huiandika saa ya ubao kwa saa za dunia, kisha yenyewe huongeza tatu za Afrika Mashariki inapomwonyesha mtu. Windows huichukua saa ya ubao kuwa ndiyo saa ya ukutani, haiongezi kitu. Kwa hiyo kila mpwa akimaliza zamu yake, Shangazi angeamka saa tatu nyuma hadi intaneti iisahihishe. Mwalimu alifurahi kuliko wote. Alisema sisi tumeishi na saa mbili maisha yetu yote: simu inaandika 20:30, mdomo unasema mbili na nusu, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayehitaji kalamu ili atoe sita. Mashine ya mabilioni ya swichi imeshindwa na tatu. Fundi akarudi Ubuntu, akaandika amri ya mstari mmoja kuiambia iiheshimu saa ya ukutani, ikaisha.

Likabaki geti. Akabonyeza F10, ikafunguka orodha ya nani huamshwa wa kwanza endapo mtu hatabonyeza F9 achague mwenyewe. Mistari miwili, mmoja juu, mmoja chini.

FUNDI: Nani akae juu?

MPWA: Ubuntu. Ndiyo yenye kinga.

MWALIMU: Kwa hoja ya usalama, kijana yuko sawa.

SHANGAZI: Karo ya muhula huu ililipwa na nani?

Fundi akaipandisha Windows juu, akahifadhi. Mpwa alikuwa anaandika kitu kwenye kipande cha karatasi, akakibandika chini ya skrini kwa selotepu: Ijumaa, F9.